Bastola kama mchezo: mimi nilianza kwa kubandika matobo. Watanga mnaotaka kuanza, karibuni humu

Mgosi_wa_Duga · #1

Wagosi na mabinti wa Tanga, salaam.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa Coastal Union niliponyoka nikaandika kwamba nilipokuwa Johannesburg, Jumapili zangu zilikuwa za kulenga shabaha kwa bastola. Tangu siku hiyo pm hazikauki. Kuna aliyeniuliza bei ya bastola aina ya Glock kana kwamba nina duka. Sina duka wala bastola, na hapa Duga silaha kali niliyonayo ni panga la kufyekea. Lakini mchezo nimeucheza miaka minne, kwa hiyo ngoja nieleze mara moja.

Nilikuwa fundi wa malori Kempton Park. Bosi wangu, mzee wa Kikaburu, alikuwa mchezaji. Mimi kwa kibali changu cha kazi nisingeweza kumiliki silaha kule, ila sheria yao inamruhusu mwenye leseni kumwachia mtu aitumie silaha yake akiwa naye palepale, anamwona. Ndivyo nilivyoanza. Bastola yake, risasi nanunua mwenyewe.

Mchezo niliocheza unaitwa IDPA, kifupi cha International Defensive Pistol Association, yaani chama cha kimataifa cha bastola ya kujihami. Ulianzishwa Marekani mwaka 1996 na watu waliotoka kwenye mchezo mkubwa zaidi, IPSC, ambao ni wa mwaka 1976, ulioundwa Columbia, Missouri, na rais wake wa kwanza akawa Jeff Cooper, mwalimu maarufu wa bastola wa Marekani. Ugomvi wao naweza kuufananisha na mbio za ngalawa. Mwanzoni kila mtu anakuja na ngalawa anayovulia samaki. Miaka inapita, mtu analeta chombo chepesi kilichochongwa kwa ajili ya mashindano tu, hakiwezi kubeba hata dagaa wa kilo mbili, na anashinda kila mwaka. IPSC kulikuwa na bastola za namna hiyo, zenye lenzi juu na matundu ya kupunguza mrusho (ule msukumo wa bastola ikilia), zinakaa kwenye ala ambayo hakuna mtu angeivaa kwenda sokoni. Hawa wa 1996 wakasema sisi tunataka bastola ya kawaida, ala ya kawaida, na nguo juu yake, kama anavyobeba mtu mwenye kibali cha kujilinda. Ndiyo maana neno "kujihami" limo kwenye jina.

Mashindano yanagawanywa vituo, na kila kituo kina kisa chake. Mfano umekaa mezani, mkono wa kulia umeshika kikombe. Taima, kile kifaa cha kupima muda, ikilia, unaacha kikombe, unafunua nguo, unachomoa, kuna kadibodi tatu mbele yako. Mbili ni wahalifu, ya tatu imechorwa viganja viwili vilivyo wazi. Hiyo ni raia, ukimgusa umeumia. Unapiga wale wawili, risasi mbilimbili, unasogea hadi nyuma ya pipa, unachungulia kidogokidogo, kila anayejitokeza unamaliza naye kabla ya kuchungulia zaidi. Kituo kimoja hakizidi risasi 18.

Hesabu yake ndiyo iliyonifanya niupende. Muda wako, jumlisha makosa. Kifuani kuna duara la kama sentimita 20. Ukiingia humo hakuna nyongeza. Nje ya duara unaongezewa sekunde 1, nje zaidi sekunde 3, ukikosa kabisa 5. Ukimpiga raia, 5 nyingine. Ukikiuka utaratibu wa kituo, 3. Hizo 1, 3 na 5 za kadibodi tunaziita pointi ulizopoteza. Zamani kila pointi ilikuwa nusu sekunde, tangu 2017 ni sekunde nzima, na wenye pupa wakalia sana.

Sasa chukua mimi na kijana mmoja wa Soweto siku moja. Yeye kamaliza kwa 11.90, watu wanapiga makofi. Mimi 14.20, kimya. Matobo yakahesabiwa: mimi nimepoteza pointi 6, jumla 20.20. Yeye kapoteza 11, na raia kamchapa moja begani, jumla 27.90. Ndiyo siku nilipoelewa kwamba makofi hayajui hesabu.

Kesho nitaeleza siku yangu ya kwanza, maana niliaibika.

Chumvi_ya_Pongwe · #2

Mchezo wa kufanya mazoezi ya kuua binadamu. Hongera sana. Bao limewashinda?

KijanaMakorora · #3

Nimekaa paleee na kahawa yangu na kashata. Mgosi tiririka.

Mgosi_wa_Duga · #4

@Chumvi, hoja yako siidharau. Kadibodi ya IDPA ina kichwa na mabega, huwezi kusema ni mtungi. Hata ndani ya IPSC watu walisononeka hivyohivyo, wakatengeneza kadibodi nyingine isiyo na kichwa, kama kasa, kwa ajili ya nchi ambazo umbo la mtu halipendezi. Mimi binafsi ningependa kasa. Lakini mkuki pia haukubuniwa kwa ajili ya uwanja wa Mkwakwani, na leo unarushwa pale watu wakashangilia. Bao tunacheza, karibu Ngamiani jioni nikule kete.

Haya, siku ya kwanza.

Mwezi mzima mzee alikuwa ananipeleka renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, siku za katikati ya wiki. Nikajiona nimeiva. Nilikuwa napiga matobo matano unaweza kuyafunika kwa kisosi. Ikafika Jumapili ya mashindano. Kituo cha kwanza nikamaliza salama, taratibu, wa mwisho kasoro mmoja. Cha pili kilitaka ukimbie toka kushoto kwenda kulia, na katikati ya njia magazini inakwisha.

Nilikuwa nakimbia kuelekea kulia. Mimi natumia mkono wa kulia. Ili kubadilisha magazini nikaivuta bastola karibu na kifua, nikaiangalia, na bila kujua mdomo wake ukageuka kuelekea kulia ninakokwenda, halafu ukapitiliza kidogo kurudi nyuma. Sikufyatua. Kidole kilikuwa nje. Hakuna aliyekuwa upande ule. Nilisikia tu sauti ya afisa usalama nyuma ya sikio langu, "Simama!", na mkono wake umenishika bega.

Kwa hesabu yangu haikuzidi nusu sekunde. Safari ikaishia pale. Kuna mstari wa kufikirika unaopita kushoto na kulia kwako. Ukivusha mdomo wa bastola mstari ule kuelekea nyuma, umetolewa mashindano yote, si kituo kile tu. Hakuna kujitetea, hakuna "lakini". Ada haikurudi.

Mzee alinikuta kwenye gari, nimevua miwani, nataka turudi. Akanitupia bunda la vibandiko vya rangi ya kaki akaniambia, "Nenda kabandike." Kila baada ya mchezaji mmoja, watu wanakwenda kwenye kadibodi kuziba matobo kwa vibandiko ili anayefuata aanze na kadibodi safi. Nilibandika tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Vidole vilikuwa vinanata hadi usiku.

Ila nilichokiona siku ile sikukiona mwezi mzima wa mazoezi. Nilikuwa nasimama hatua tatu kutoka kwenye matobo. Nikaona wazee wenye matumbo, hawakimbii, matobo yao mawili yanagusana. Nikaona vijana wepesi, tobo moja kifuani, la pili sikioni. Nikaona pia wazuri wote wakibadilisha magazini wanafanya kitu kilekile: kiwiliwili kinakwenda kulia, lakini mdomo wa bastola umebaki unaangalia ukuta wa udongo mbele, kama sindano ya dira. Miguu na mikono haikubaliani. Nilipofika nyumbani nikafanya mazoezi ya kitu hicho kimoja, wiki tatu, kwa rimoti ya tivii.

Koplo_Mstaafu · #5

Kijana umeeleza vizuri, na ninakusifu kwa kutoficha kwamba ulitolewa. Wengi wangeruka hapo.

Niongeze la wanaotaka kuanza. Huyo Cooper aliyetajwa ndiye aliyepanga zile kanuni nne zinazotumika viwanja vyote. Sisi jeshini tulifundishwa mambo hayohayo kwa kuruka kichura, lakini yeye kayapanga kwa ufupi. Kila silaha ihesabu ina risasi, hata kama umeitoa wewe mwenyewe sasa hivi. Mdomo wake usielekeze kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje hadi macho yako yametua kwenye shabaha. Na ujue shabaha yako ni nini na nyuma yake kuna nini. Angalia jinsi zilivyopangwa: ukivunja moja, zile nyingine tatu bado zinakuokoa. Mgosi alivunja ya pili, ya tatu ikambeba.

Jambo lingine, bastola ikikuponyoka mkononi, iache ianguke. Usiidake wala usiiokote. Wengi wamejipiga wakiwa wanaidaka, kwa sababu kidole kinatangulia kuingia palepale pasipotakiwa. Kwenye hiyo michezo afisa ndiye anayeiokota na wewe umeshatoka.

Bint_Sahare · #6

Kaka Mgosi, shikamoo Mzee Koplo. Naomba niulize bila kuchekwa.

Mimi ni fundi cherehani. Kwanza, wanawake wanacheza? Pili, hili ni zito kidogo. Baba yetu alifariki mwaka juzi. Alikuwa na duka na alikuwa na bastola yenye leseni. Mama ameiweka kwenye lile sanduku la kamfa, imefungwa kwa kanga, chini ya mashuka. Hakuna aliyeigusa. Nilikuwa nafikiri kama leseni ya baba ipo, siwezi kuanza mazoezi nayo polepole hapa nyumbani, bila risasi?

KijanaMakorora · #7

Uwiiii.

Koplo_Mstaafu · #8

Marahaba binti yangu. Pole kwa msiba.

Nisikilize vizuri, na wala sikutishi. Leseni ya silaha ni ya mtu, haiendi na silaha kama kadi ya pikipiki. Marehemu alipofariki, leseni yake ilikwisha naye. Hiyo iliyo sandukuni kwa sasa haina mwenye leseni, na anayekaa nayo ndiye atakayeulizwa. Kuitoa "bila risasi" kufanyia mazoezi ni kujitafutia kesi, na hujui kama baba hakuacha risasi moja chemba, pale ndani inapokaa ikiwa tayari kufyatuliwa. Bastola kuukuu niliyoambiwa haina kitu imewahi kutoboa bati la ofisi mbele yangu.

Usiishike. Usiitie kikapuni ukapanda nayo daladala kuipeleka kituoni, hilo ndilo kosa ambalo watu wenye nia njema hulifanya. Nenda wewe mwenyewe mikono mitupu, pamoja na mama au kaka mkubwa, na cheti cha kifo, na leseni ya marehemu ikipatikana. Pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa awasindikize. Waelezeni polisi ipo wapi, wao ndio watakaosema inafikaje kwao. Daini karatasi ya kupokelewa, yenye namba ya silaha.

Baadaye, kama wewe mwenyewe unataka kumiliki, ni maombi yako mapya. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala. Safari inaanzia serikali ya mtaa unapojulikana, kamati za ulinzi na usalama zinakujadili, halafu polisi ngazi kwa ngazi. Inachukua muda, na inastahili kuchukua muda. Usimpe mtu hela akwambie atakurukisha.

Bint_Sahare · #9

Nimeelewa baba. Ahsante. Leo usiku nitaongea na mama.

Mgosi_wa_Duga · #10

Mzee Koplo kamaliza, mimi nisiharibu.

La wanawake: wanacheza, tena renji yetu mmoja wa walimu wakali alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Kiganja chake kidogo kuliko changu, lakini mrusho aliutuliza kuliko mimi. Siri ilikuwa mkono wa pili. Watu wengi wanadhani mkono wa kushoto unasaidia kubeba tu, kama kisosi chini ya kikombe. Hapana. Unafunga ile nafasi iliyobaki wazi kwenye mpini, kiganja chote kinagusa, na ndio unaobana zaidi. Wa kulia ulegee kidogo ili kidole kiwe huru.

Yeye ndiye aliyenifichulia ugonjwa wangu. Matobo yangu yalikuwa yanashuka chini kushoto kila mara, nami nalaumu bastola. Akachukua magazini, akageuka nisione, akachanganya risasi hai na risasi bandia. "Piga." Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu, tak, kimya, na bastola mkononi mwangu ikainama mdomo chini kama kuku anadonoa mtama. Hakuna mlio, hakuna mrusho, ni mimi mwenyewe niliyekuwa naisukuma kabla haijalia, kwa woga. Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Aliniambia dawa yake haiko renji, iko nyumbani, na bastola tupu.

Koplo_Mstaafu · #11

Hapo ndipo tulipokuwa tunawekewa sarafu juu ya mtutu. Unabana kifyatulio hadi kibofye, sarafu isidondoke. Ikidondoka unaanza upya. Kwa wenye leseni tu lakini, na risasi zote zikae chumba kingine kabisa, na uelekeze ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu anayelala.

Mvita_mjini · #12

Salaam ndugu zangu wa Tanga, hapa ni jirani yenu wa Mombasa. Kwetu Kenya mchezo huu upo, IDPA na hiyo IPSC pia. Wenye silaha wana chama chao na renji yao iko Kirigiti, kule Kiambu. Kwa hivyo kama mwataka kuona mashindano kwa macho yenu, si lazima mwende Johannesburg. Mwapanda basi mwapita Horohoro na Lungalunga, mwafika.

Lakini sikizeni. Njooni mikono mitupu. Silaha haivuki mpaka kwa maneno matamu, hata awe na leseni ya kwao. Wala risasi, wala ganda.

Mgosi_wa_Duga · #13

Mvita anasema kweli tupu. Hilo la ganda mimi limenikuta. Siku narudi nyumbani, uwanja wa ndege, begi likapita kwenye mashine, likarudishwa, likapita tena. Afisa akaniuliza, "Una nini kwenye jaketi?" Nikamwambia leso. Akatoa ganda tupu la milimita 9, lilikuwa limedondokea mfukoni kwenye kituo fulani, pengine mwezi mzima nyuma, maana maganda ya moto yanaruka kama bisi. Nikaelezea. Alikuwa muungwana, akalitupa akaniacha niende, lakini jasho nililotoa pale linatosha kunyweshea mchicha. Tangu siku ile nakung'uta mifuko kama mtu aliyekaa na siafu.

KijanaMakorora · #14

Wakuu mimi sikusubiri. Nimekwenda kwa seremala wa Barabara ya 13, nikampa picha, kanichongea bastola ya mwembe, saizi kamili. Nimeipaka rangi nyeusi ya kiatu. Angalieni picha. Jana nimefanya mazoezi ya kuchomoa pale barazani, wapangaji wenzangu wamekimbia hahaha.

Koplo_Mstaafu · #15

Futa hiyo picha. Ipake rangi leo hii. Mtu anayekuona usiku na kitu cheusi chenye umbo lile hana muda wa kukuuliza ni mwembe au ni chuma. Askari naye hana. Utalala kituo cha polisi Chumbageni ukiwa na bahati.

Chumvi_ya_Pongwe · #16

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mtu humu.

Mgosi_wa_Duga · #17

Kijana, wazo lako ni zuri, umekosea rangi na baraza. Hata kule wanatumia za plastiki ngumu zisizo na tundu, na zinakuwa bluu au za machungwa ili hata kipofu ajue. Nunua ile rangi ya bluu ya kupakia ngalawa, upake yote, mpini hadi mdomo. Kisha ingia ndani, funga mlango, vuta pazia.

Halafu usianze na kuchomoa. Najua ndiyo tamu. Kuchomoa ndiko kunakotoboa mapaja, watu wanaanza na kinachofurahisha. Wiki ya kwanza fanya hivi: shika gogo lako kwa mikono miwili, chagua swichi ya taa ukutani iwe ndiyo "mbele". Tembea kulia, tembea kushoto, rudi kinyumenyume, kaa kitini, inuka, piga goti. Mdomo usiiache swichi. Kidole kimenyooka ubavuni mwa mbao muda wote. Mwambie mdogo wako akae kitandani akuchunge, kila ukikosea akudai mia. Mimi angenifilisi.

Wiki ya pili weka taima ya simu, zipo programu za bure zinazolia baada ya muda usioutegemea. Ikilia, inua kutoka usawa wa meza hadi machoni, jicho liione nundu ya mbele, ile ya kulengea iliyo juu ya mdomo, imechongeka safi, na swichi iwe ukungu. Wageni wote wanafanya kinyume, wanaangalia kadibodi. Mwambie seremala akuongezee hiyo nundu, kipande cha msumari kinatosha.

Na jifunze zile amri. Dunia nzima zinasemwa kwa Kiingereza, ila maana yake ni hii: pakia ujiandae; uko tayari?; subiri mlio. Ukimaliza: kama umemaliza, toa risasi uonyeshe. Anachungulia chemba, unafyatua ikiwa tupu kuelekea ukutani, unarudisha kwenye ala. Halafu anatangaza renji ni salama, ndipo wabandikaji wanakwenda mbele. Kabla ya hapo hata uzi wa kiatu usiuguse. Na nje ya zamu yako bastola iko tupu ndani ya ala. Ukitaka kuishika unakwenda kwenye meza yake maalumu, na pale meza ile risasi hazisogei. Mtu akikuta umeshika vyote viwili mezani, kwaheri.

KijanaMakorora · #18

Imeshakuwa bluu. Mdogo wangu kaniambia nadaiwa elfu mbili na mia nne kwa jioni moja.

Bint_Sahare · #19

Jamani nimerudi. Tumekwenda mimi na mama na mwenyekiti. Nilidhani tutafokewa. Wakaja wawili nyumbani, wakafungua kanga pale mezani, tukatolewa nje. Mzee Koplo, ulisema kweli, waliitoa risasi moja ndani. Moja, mbali na zile za magazini. Mama alikaa chini kwenye ngazi akashindwa kusema. Miaka miwili wajukuu wanacheza komborela chumba kile na kujificha nyuma ya sanduku lile.

Karatasi tumepewa, namba imeandikwa.

Koplo_Mstaafu · #20

Alhamdulillah. Mpe mama maji na salamu zangu.

Chumvi_ya_Pongwe · #21

Dada pole sana, na hongera. Mgosi, nisamehe kwa lile la kwanza. Bado mchezo siupendi.

Mgosi_wa_Duga · #22

Binti, umenipoza mwili. Umefanya la maana kuliko uzi wote huu.

@Chumvi hakuna tatizo mgosi, bao liko palepale.

Bint_Sahare · #23

Ahsanteni wote. Silaha kwa sasa sitaki hata kuiona, pengine baadaye. Ila nina swali la ufundi. Kaka ulisema bastola lazima ifunikwe na nguo. Nguo gani? Maana hilo ni langu.

Mgosi_wa_Duga · #24

Hahaha, umenikumbusha aibu nyingine. Wengi wanavaa kizibao cha mvuvi, kile cha mifuko mingi, kiko wazi mbele. Unakipiga nyuma kwa ubavu wa kiganja, kinapepea, unashika mpini. Mimi nikajidai, nikasema sisi watu wa pwani vizibao ndiyo asili yetu. Nikavaa kizibao changu cha Idi, kile cha tarizi ya dhahabu, nilichoozeshwa nacho. Renji nzima wakapiga picha.

Kabla ya kuanza, afisa anakuambia nyoosha mikono ubavuni, sawa na mabega. Anazunguka. Bastola ikionekana hata kidogo, nguo haifai. Nikanyoosha kama kinyago cha shambani. Kizibao cha kanzu ni kifupi, si unajua. Kikapanda, mpini wote nje, na tarizi inang'aa juu yake. Akaniambia kwa upole, "Ni nguo nzuri sana. Vaa ya mwenzio."

Bint_Sahare · #25

Nimecheka hadi sindano imenichoma. Urefu basi ungetakiwa uwe wapi? Na pindo la mbele, nikitia ndani kile kitambaa kigumu cha kola ili lisining'inie, kizibao kikipigwa nyuma si kitakwenda moja kwa moja?

Mgosi_wa_Duga · #26

Umeona haraka kuliko wanaume wengi! Lakini hicho cha kola ndicho wasichokitaka, ni kudanganya nguo. Iwe nguo ya kawaida ambayo mtu angeivaa kwenda Mkwakwani. Kitambaa chenyewe kiwe kizito kiasi, dengrizi au kaki, kipepee kwa uzito wake.

Urefu: mtu anyooshe mikono kwanza, ndipo upime, usipime mikono imelala. Mikono ikiwa imenyooshwa hivyo, pindo lifunike mpini na lishuke vidole vinne zaidi. Na upande wa kulia mwishoni usiweke kifungo wala mfuko wenye kifuniko, unanasa kidole gumba.

Bint_Sahare · #27

Kwapa nitalikata pana basi, ndilo linalovuta nguo juu mtu akinyoosha. Tatizo lenu halikuwa urefu, lilikuwa kwapa. Niletee hicho cha Idi nikione.

Mgosi_wa_Duga · #28

Jumamosi naja Sahare. Tarizi usiikate lakini, mke wangu yumo humu anasoma.